Mbuzi wa Namba Arobaini na Moja

Kasongo, Jumapili, mwezi wa pili. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma. Sasa jua limetoka na kila kitu kinatoa mvuke, hata paa la choo.

Shajara yangu, nina mambo mawili ya kukuambia. Kwanza, kikwembe changu kimelowa hadi kiunoni na bado sijakibadilisha, maana nataka kuandika kabla sijakaa na kupoa. Pili, nina aibu. Wacha nianze na aibu.

Siku ya Ijumaa niliutangazia mji huu jambo la uongo.

Sikukusudia. Lakini nilitangaza kwa sauti kubwa, nikaandika na kwa chaki, na kwa sababu ya maneno yangu mbuzi amechinjwa. Kwa hiyo hata nikisema sikukusudia, mbuzi harudi.

Unamkumbuka mdogo wangu Zawadi. Alivuka ziwa wakati wa vita, akakaa kambini upande wa Kigoma miaka mingi, kisha akapelekwa Kanada pamoja na mume wake na watoto. Binti yake mkubwa alizaliwa kambini, akapewa jina la mama yetu: Amisa. Basi hao wawili ni ndoyi, watu wa jina moja, na hapa kwetu ndoyi si mchezo. Ukiwa na jina langu, wewe ni mimi. Amisa alipougua malaria kule kambini, majirani wa hapa walikuja kumpa Mama pole ya homa, na Mama akawapokea amejifunika blanketi.

Sasa huyu Amisa ana miaka kumi na sita. Shule yake ya huko ilimwazima mbao mbili ndefu nyembamba za kufunga miguuni na fimbo mbili za kushika mikononi, akajifunza kukimbia nazo juu ya theluji, porini, kupanda na kushuka. Mwaka huu akachaguliwa kwenda na jimbo lake kwenye michezo ya taifa ya vijana, ile inayofanyika katikati ya baridi huko kaskazini. Wapo wa mpira wa barafuni, wapo wa judo, wapo wa kuteleza wakizunguka kama pia. Wote vijana, kila jimbo na rangi yake. Zawadi alipotuambia, Mama aliuliza swali moja tu: huyo mtoto wanamvalisha nguo?

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Miaka kumi na nne nafundisha theluji na sijawahi kuigusa. Naichora kwa chaki, na chaki ni nyeupe, kwa hiyo angalau rangi nimepatia. Nakuambia haya ili uelewe kwa nini siku ya Ijumaa kila mtu alinitazama mimi, na kwa nini mimi, badala ya kusema sijui, nilifungua mdomo.

Mashindano ya Amisa yalikuwa asubuhi kwao, saa kumi na moja jioni kwetu. Nilikuwa nimembembeleza Papa Ramazani, mwenye banda la video, atupe nusu saa kabla ya mpira. Yeye ana antena ya satelaiti na grupu la umeme linalonguruma kuliko mpira wenyewe. Alikubali kwa sababu alisoma na Zawadi, na nadhani zamani alikuwa na mawazo fulani juu ya Zawadi, lakini hilo si la kuandika hapa. Nimeshaandika.

Mama hakuja. Alisema hawezi kwenda kujitazama anakimbia mbele ya wanaume.

Banda lilijaa. Wapenda mpira walikuwa wamewahi nafasi zao, wamenuna kidogo, na nyuma yao wakaja wanawake wa mtaa wetu na wanafunzi wangu. Picha ilipotokea ilikuwa nyeupe tupu, juu nyeupe, chini nyeupe. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Papa Ramazani, televizyo yako imekufa! Rudisha rangi!" Nikasimama, nikageukia watu kama niko darasani, nikasema hiyo ndiyo theluji yenyewe, na hivyo vitu vinavyoelea hewani ni theluji inayoanguka sasa hivi. Watu wakasogea kuitazama. Nilijisikia vizuri sana.

Halafu tukamwona. Uso wetu kabisa, paji la Mama, mdomo wa Zawadi, ndani ya kofia ya sufu. Kifuani ameandikwa namba 1. Wanawake walipiga vigelegele hadi grupu halikusikika.

Kengele ikalia, Amisa akatoka kwa nguvu, na nyuma yake tukaona wasichana wengine wamesimama kwenye mstari, hawaendi popote.

Hapo ndipo nilipokosea.

Niliwaambia, "Tazameni, amewaacha wamesimama!"

Banda likalipuka. Wapenda mpira walisahau mpira. Yule aliyesema televizyo imekufa alipanda juu ya benchi akaanza kuwazomea wale wasichana maskini: nendeni basi, mumelala? Mimi nami nikaendelea kueleza, maana nikishaanza siachi. Nilisema wenzake wameshtuka, nikasema mtoto aliyekulia kambini anajua kuamka mapema, nikasema mambo mengi. Mtandao ukawa unakata na kurudi. Tuliona miti, tukaona mgongo wa mtu, tukaona miti tena. Mwisho tukamwona Amisa anavuka mstari peke yake, hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma, akaanguka chali kwenye theluji kifua kinapanda na kushuka. Pembeni ya picha ikatokea orodha. Jina lake juu, na mbele ya jina, namba moja.

Picha ikaganda, kisha ikazima. Mtandao ulikufa na haukurudi tena jioni ile.

Sikuhitaji zaidi. Nilichukua chaki ya Papa Ramazani, na kwenye ubao wake wa matokeo ya mpira nikaandika kwa herufi kubwa: AMISA, WA KWANZA.

Nyumbani Mama alikuwa anapepeta mchele. Alituona tunaingia uani watu karibu hamsini, akaweka ungo chini, akakaza kikwembe.

"Nimeshinda?" akauliza.

"Umeshinda, Mama!"

Akafikiri kidogo. Akasema wamlete yule beberu.

Beberu huyo hakuna aliyemlilia. Alikuwa anakula nguo kwenye kamba, na mwaka jana alikula nusu ya mitihani ya darasa la tano niliyokuwa nimeianika baada ya kuloweshwa na mvua. Alichinjwa kwa heshima zote. Wakati nyama inachemka, vijana wa motari walimpakia Mama kwenye pikipiki ya mbele, wakampeleka hadi sokoni na kumrudisha, honi zote zinalia, Mama ameketi upande upande kama bibi harusi. Wanawake wa sokoni walikuwa wanamwambia pole na mbio, naye anawajibu, bila hata kutabasamu, "Asante, miguu inaniwaka."

Nilirekodi yote kwa simu. Mtandao ulipopatikana nikamtumia Zawadi: mbuzi, honi, Mama, ubao wa chaki. Nikalala na furaha ambayo sijaipata tangu niajiriwe.

Jumamosi asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti. Zawadi alikuwa ananong'ona.

"Dada Sakina, mbuzi gani tena? Mutoto amekuwa wa makumi ine na moja."

Niliusikiliza mara tatu nimesimama, mara ya nne nimekaa. Kumbe wale wasichana hawakuwa wamezubaa. Katika mbio zile kila mmoja anaachiwa peke yake, anafuatwa na mwingine baada ya nusu dakika, na saa inampima kila mtu safari yake. Walipiga kura, Amisa akaangukiwa na namba moja, ndiyo maana alitoka wa kwanza na kufika wa kwanza, na ndiyo maana jina lake lilikuwa juu: kwa nusu dakika hiyo hakukuwa na jina lingine la kuandika. Baadaye wenzake walifika, jina likashuka, likashuka, hadi arobaini na moja.

Yote hayo ningeyacheka. Lakini ujumbe ulikuwa bado haujaisha. Amisa aliiona video niliyotuma. Alimwona Nyanya wake kwenye pikipiki. Tangu hapo amejifungia kwenye chumba cha wachezaji, analia, hataki kula na wenzake. Ana mbio nyingine Jumatatu na amemwambia mama yake kwamba hataenda kwenye mstari. Maneno yake, alivyoyasema Zawadi, ni haya: Nyanya amechinja mbuzi kwa ajili yangu na mimi sikushinda kitu, nitamtazama na macho gani?

Nilijua nani amemfanyia mtoto yule ubaya. Ni mimi, mdomo wangu na chaki yangu.

Nilitakiwa kumwambia Mama mara moja. Badala yake nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Nilijaribu mara ya kwanza, wakaingia akina mama wa msikitini na pongezi. Mara ya pili Mama alikuwa anagawa miguu ya mbuzi, akanipa mmoja nipeleke kwa Papa Ramazani, nikaupeleka, nikapita mbele ya ubao wangu nimeinamisha kichwa. Mara ya tatu simu ikalia. Alikuwa shemeji yetu Hamisi, ambaye ananunua dhahabu kule Salamabila. Habari ilikuwa imefika huko kabla mimi sijaoga. Alisema watu wote wa soko la dhahabu wanauliza jambo moja.

"Shemeji, ile medali iko na grame ngapi?"

Nikamjibu kwamba bado hawajaipima. Ndiyo, shajara. Nilidanganya tena, safari hii nikiwa najua. Nikakata simu na masikio yamepata moto, na nikaona kwamba nikingoja hadi jioni, medali itakuwa imefika Kindu na uzito wa kilo.

Saa tisa hivi nilimkuta Mama peke yake nyuma ya nyumba, ananyoosha ngozi ya beberu kwenye vigingi. Nikapiga magoti, nikashika kona moja ya ngozi, nikamwambia. Nilisema haraka. Nilisema mimi ndiye niliyekosea, nikasema namba arobaini na moja, nikasema mtoto analia na Jumatatu hataki kukimbia. Sikumtazama usoni. Nilikuwa naogopa kuona furaha ya jana inamtoka mbele yangu, mama wa miaka sabini na kitu aliyepita sokoni na honi.

Mama aligonga kigingi. Akagonga kingine.

"Nani alimutanguliza mbele?"

"Walipiga kura, Mama. Ilimwangukia."

"Na ile teluji ilikuwa inaanguka?"

"Ilikuwa inaanguka sana."

"Mbele yake hakuna mutu alipita mu ile njia? Hata mumoja?"

"Hakuna."

Akaweka jiwe lake la kugongea chini. Halafu akacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho tumbo linatangulia sauti.

"Sasa munalia nini? Huyu mutoto alifuta umande!"

Nilimtazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama nikianza habari za pepo za dunia.

Mama alizaliwa upande wa Wamaza, huko Kabambare, na alipokuwa msichana alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba mchele kwa kichwa kuuleta Kasongo. Ni mwendo wa siku kadhaa. Hilo nalijua tangu utotoni. Jambo ambalo hakuwahi kunieleza ni namna walivyopanga msafara. Njia ilikuwa nyembamba, manyasi yamesimama pande zote mbili kupita kichwa, na asubuhi yamejaa maji. Anayetangulia anayapokea yote. Kikwembe chake kinalowa, kinakuwa kizito, kinamshika miguu, mzigo unamwelemea, na kabla ya mchana wenzake wote wamempita. Wanampita kwa sababu wanatembea njia kavu, na njia ni kavu kwa sababu yake. Kwa hiyo walikuwa wanabadilishana, kila siku mmoja, na wa siku hiyo waliita mufuta umande. Jioni, yeye ndiye alikuwa anafika wa mwisho. Na alipofika, hakuna aliyeruhusiwa kupika kabla yake: kila mwanamke alifungua mzigo wake, akamtolea kikombe kimoja cha mchele, na yeye ndiye aliyeanza kula.

"Yeye anafika nyuma, anakuta anangojewa," Mama alisema. "Sisi tulijua nani alitubeba. Hao watu makumi ine walipita njia kavu. Mbuzi haikupotea hata mufupa. Mupigie."

Kwao ilikuwa asubuhi bado. Nilimpigia Zawadi, Zawadi akampigia mwalimu wa timu, mwalimu wa timu akagonga mlango, na baada ya muda uso wa Amisa ukatokea kwenye simu yangu, macho mekundu, nywele hazijachanwa. Alianza kuomba msamaha kabla hata ya salamu. Mama hakumngoja amalize.

"Ndoyi."

"Ndoyi," mtoto akaitika, kwa sauti ndogo.

"Ulilowa?"

Amisa akasita. Sidhani kama alitegemea swali hilo. Akasema hakulowa sana, lakini theluji mpya ilikuwa inashika chini ya mbao, zikawa nzito, hazitelezi, kila hatua anaivuta. Alisema nyuma yake njia ilikuwa inazidi kuwa laini kila aliyepita, na mwalimu wake alimwambia ni bahati mbaya tu, lakini yeye aliona mwalimu anamhurumia.

"Vile vile," Mama akasema. "Kikwembe nayo inakuwa nzito vile vile."

Akamhadithia habari za Wamaza. Yote, taratibu, kuliko alivyonihadithia mimi. Nilishika simu hadi mkono ukafa ganzi na sikuthubutu kuuhamisha. Amisa alisikiliza ameweka kidevu juu ya magoti. Kiswahili chake ni cha kambini, kimechanganyika na cha huko, lakini aliyaelewa yote, nilimwona anayaelewa. Mwisho Mama akamkaribia, uso wote ukajaza simu.

"Sasa hao watu makumi ine, wamekuletea muchele?"

Amisa akacheka. Alicheka na makamasi, akajipangusa kwa mkono wa sweta. Akasema, "Hapana, Nyanya, hawajaleta."

"Basi uwaambie. Nyanya ya Kasongo iko anangojea."

Hawakuzungumza habari za Jumatatu hata kidogo. Mama hakumwambia akimbie, wala hakumwambia asilie. Alikata simu kwa kidole chake kikubwa, akarudi kwenye ngozi yake, na mimi nikabaki sijui tumepata nini.

Nilikwenda kwa Papa Ramazani kabla jua halijazama. Banda lilikuwa limejaa wale wale. Nikasimama mbele, nikasema nilikosea, nikaeleza jinsi mbio zile zinavyopimwa, nikafuta maneno yangu kwa kiganja na kuandika mahali pake: AMISA, WA 41. Watu wakaisoma namba ile, wakanigeukia. Nikawaeleza habari ya umande. Yule mwanamume wa televizyo imekufa aliuliza kama ina maana arudishe nyama aliyokula, watu wakacheka, nami nikacheka, ikawa nyepesi. Lakini mzee mmoja, dereva wa zamani wa lori, alichukua chaki mkononi mwangu. Chini ya namba yangu akaandika: ALIFUTA UMANDE. Akanirudishia chaki yangu.

Nimekiri kwa Salamabila pia. Shemeji Hamisi alisema huko kwao mtu wa kwanza kushuka kwenye shimo asubuhi ndiye anayekutana na maji na hewa mbaya, na hakuna anayemuuliza alitoka na grame ngapi. Halafu akaniuliza kama hata ya shaba hawakumpa.

Leo alfajiri, mvua ilipokoma, simu ikatoa mlio. Picha.

Ni kofia ya sufu ya Amisa, imewekwa juu ya kitanda. Zawadi aliniandikia maelezo. Kwenye michezo hiyo vijana wana desturi ya kubadilishana beji, vibeji vidogo vya chuma vya kila jimbo, wanavichomeka kwenye kofia na kanda za shingoni, wanavililia kuliko medali. Jana wakati wa chakula cha mchana Amisa alitoka chumbani. Akaketi mezani, akaanza kuwahadithia wenzake habari za Nyanya wa Kasongo, mchele, manyasi, kikombe kimoja kila mtu. Walicheka wote. Kisha msichana mmoja, yule aliyeshinda kweli, mwenye dhahabu yake shingoni, akainuka, akatoa beji kwenye kofia yake, akaichomeka kwenye ya Amisa. Hakudai beji ya kubadilishana. Akasema ni kikombe chake. Halafu akaja wa pili. Halafu wengine.

Na maneno ya Amisa mwenyewe, chini ya picha: "Nyanya, muchele yako. Jumatatu nakimbia. Wamenipa namba makumi tano na mbili."

Nilipiga kelele hadi jirani akauliza nani amekufa.

Nilimpelekea Mama, alikuwa anafunga jembe lake. Alishika simu mbali, kama anavyoshika sindano akitunga uzi, akahesabu beji moja moja kwa kidole, midomo inatembea. Kumi na moja. Akazihesabu tena kwa kurudi nyuma.

"Bado makumi mbili na kenda," akasema, akanirudishia simu.

Tukatoka kwenda shambani, maana mpunga haungoji habari njema. Unaijua ile njia ya nyuma ya shule, inateremka kwenye kijito, manyasi yamefunga pande zote mbili. Tulipofika mdomoni mwa njia Mama akatangulia kama kawaida yake, nami nikakaa nyuma yake kama kawaida yangu.

Nilipiga hatua labda kumi. Nikaona kikwembe chake.

Kilikuwa kimeshikamana na miguu, maji yanachuruzika, rangi imekuwa nyeusi hadi magotini. Nikatazama changu. Kikavu.

Shajara, nina miaka arobaini na mitatu. Tangu nilipoweza kutembea nafuata mgongo wa mama yangu kwenye njia ile, na siku zote niliamini nakaa nyuma kwa heshima. Nilijiona binti mwenye adabu. Asubuhi zote zile, na hakusema neno, hata jana alipokuwa anatuhadithia sote habari za umande hakunitazama mara moja kuona kama nimeelewa.

Nilisimama pale nikalia kidogo. Si kwa huzuni. Nilimpenda sana kwa ghafla, ikanijia yote pamoja.

Nikamwita. Nikamwomba anipishe. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatazama viatu vyangu vya wazi, akatazama manyasi. Akasogea pembeni.

Basi nilitangulia. Ni baridi, shajara! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba umande una baridi hivyo. Hatua ya kwanza nilipiga ukelele, ya tano nilikuwa nimelowa hadi magotini, kwenye kijito nilikuwa nimelowa hadi kiunoni na kikwembe kinanishika miguu kama mtoto anayetaka kubebwa. Nilijikwaa mara mbili. Nyuma yangu Mama alikuwa anatembea mkavu, jembe begani, akiimba kwa sauti ya chini jina lake mwenyewe: Amisa, Amisa eh, Amisa.

Kesho mtoto wetu anatoka wa hamsini na mbili, na watu hamsini na mmoja watakuwa wamempigia njia. Nitakuwa kwa Papa Ramazani, kwenye benchi la nyuma, mdomo umefungwa hadi orodha yote iishe. Lakini kabla ya hapo kuna asubuhi, na kuna ile njia ya nyuma ya shule, na nimeshamwambia Mama kwamba natangulia mimi.

Nitavaa bote ndefu za mvua.